Leo nilikuwa off, nikasema nitengeneze komeo tu

Saa 11 alfajiri. Jogoo kashaamka, kwa hiyo na mimi nishaamka. Kazini leo niko off, ila mbuzi hawajui habari za off. Plan ni moja tu, komeo la banda la mbuzi, maana mlango nimeufunga kwa kamba wiki ya pili sasa. Kazi ya nusu saa jamani.

Saa 12 nakamua. Mikamuo miwili mitatu ya kwanza siitii kwenye ndoo, naikamulia kwenye kikombe cheusi niangalie mabonge, maana mabonge ni dalili ya ugonjwa wa kiwele na huo ukiuchelewea unaweza kupoteza kiwele kizima. Safi, hakuna kitu. Nikawa najipongeza hapo mama mbuzi akanyanyua mguu taratibuuu akautumbukiza kwenye ndoo. Maziwa ya asubuhi kwaheri.

Saa 2, kuku. Kuku 11, mayai manne. Wengi wananyonyoka manyoya na kuku akinyonyoka mwili wote unahangaikia manyoya mapya, kutaga anasahau, ila kula hasahau hata siku moja. Mayai siyaoshi, nafuta tu na kitambaa kikavu, ganda lina utando wake unaozuia vijidudu visipenye na ukiosha unauondoa. Kwenye kona kuna mtetea anaatamia, leo ndo siku ya 21. Nikapeleka sikio karibu (nikadonolewa, sawa) nikasikia pi, pi, kwa mbali, ndani ya yai.

Saa 4 nikabeba nyundo na komeo langu naelekea bandani, nikapitia bustanini mara moja. Hakuna kitu kinaitwa kupitia bustanini mara moja. Mpira wa maji umepasuka, magugu yamepita mboga kwa urefu, nikapiga magoti nikaanza kung'oa na niliponyanyuka ilikuwa saa 7.

Mchana nikageuza rundo la mboji, samadi na majani makavu. Ukifukua katikati mvuke unatoka na mkono huwezi kuuacha mle, joto hilo likifika kama nyuzi 60 linaua hata mbegu za magugu. Mgongo unauma lakini sijui kwa nini hii kazi naipenda, labda kwa sababu mavi hayana deadline.

Saa 9 jirani ananiita, "We, mbuzi wako!" Kumbe wametafuna kamba. Sio kufungua, KUTAFUNA. Sitaki kuongelea nusu saa iliyofuata, nitasema tu kwamba mmoja alikuwa juu ya gari na gari sio langu.

Saa 12 jioni nakamua tena, safari hii mguu wake nimeushikilia. Halafu nikarudi kwa mtetea. Yai moja lina tundu dogo kama punje ya mchele, na ndani unaona ncha ya mdomo na kile kijino cheupe cha kuvunjia ganda. Kanagonga mara mbili, kanalala. Kanagonga, kanalala. Mkono unawasha kukasaidia ila ukimenya ganda mapema unaweza kuchana mishipa ya damu kwenye utando na kifaranga akavuja damu, wao wenyewe wanaweza kuchukua hata siku nzima. Basi nikageuza ndoo nikakalia, mikono nimeibana kwapani, chakula cha usiku nikasahau. Saa 3 kakatoka, kameloa, kabaya kweli kweli, shingo haibebi kichwa. Mama yake akakasukumia chini ya bawa bila hata kukaangalia, na mayai mengine mawili nayo yana tundu.

Nikafunga banda la mbuzi kwa kamba mpya, nikalala. Nyundo nimeikumbuka nikiwa kitandani. Iko bustanini, na mvua ndo imeanza.