Ufunguo wa tatu

Jumapili usiku, Busia, Uganda

Leo kikundi chetu cha akiba na mikopo kimenituma nitafute mtu wa kushika ufunguo wa tatu. Aliyekuwa nao anahamia Tororo kwa mwanawe. Sanduku letu la akiba ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti, wala hakuna kati yao anayelala na sanduku. Vikundi vya akiba vya namna hii vilianzia Niger mwaka 1991. Aliyebuni kufuli tatu, naamini, alikuwa ameshaibiwa.

Mimi nimeshaibiwa. Miaka mitatu iliyopita nilimkabidhi jamaa mmoja shilingi 600,000 aniletee mchele. Mtu wa sala, kila neno "dada yangu". Siku ile tulikuwa tumekaa hapahapa Busia tunakunywa chai, simu yake ikaita, akasema, "Nimeshafika Tororo, nakuja sasa hivi." Akanikonyeza. Nami nikacheka! Nilidhani uongo ule ni wa yule wa upande wa pili wa simu tu. Kumbe nilikuwa nimeonyeshwa bidhaa kabla ya kununua. Mchele sijauona mpaka leo.

Tangu hapo maneno ya mtu siyatilii maanani sana. Natazama mikono.

Wengi kikundini wanamtaka bwana mmoja mwenye ulimi mtamu, na sina neno baya juu yake. Ila mwezi mzima huu jicho langu limekuwa kwa mama anayeuza mukene, yaani dagaa, mkabala na mimi. Wapimaji wengi hapa sokoni huingiza kidole gumba ndani ya tumpeko, kikombe cha kupimia, na gumba hilo mteja analilipia kama dagaa. Yeye hushika mkono wa kikombe, gumba nje. Juzi alikuja mtoto, hata miaka minane sidhani, na noti ya 200 ya Kenya. Hapa mpakani ndipo watu wanapoliwa, kwenye kubadilisha. Mama akapiga hesabu kwa sauti, kwa bei ileile aliyompa kondakta muda mfupi kabla, akamrudishia chenji ya Uganda, akamwambia aihesabu, akamfungia kwenye pindo la leso yake. Hakujua kama kuna anayemtazama. Au alijua, sijui, lakini mwezi mzima ni mrefu kuigiza.

Mwenyekiti niliponong'ona naye aliguna. "Huyo? Hata kusalimia ni kazi." Kweli, mama huyu ana uso wa ndimu. Tena mkopo wake wa Machi ulichelewa wiki nzima. Lakini nilikuwepo alipokuja siku moja kabla ya tarehe, kwa miguu yake, akasema, "Kesho sina. Nipeni wiki." Wiki ilipotimia alileta, na faini juu, bila kuombwa. Wenye kulipa mapema tunao wengi. Wa kuja kusema "sina" kabla hajatafutwa, nimemwona huyo mmoja.

Jioni tulipokuwa tunafunga nikavuka, nikamweleza.

"Mama, tunaomba ushike ufunguo."

Hakufurahi, wala hakukataa. Aliendelea kukung'uta gunia lake.

"Zile mbili ziko kwa nani?"

Nikamtajia mmoja. "Na wa pili ni mimi."

Akanyamaza. Akaitazama mizani yangu ng'ambo, kisha akanitazama mimi, akasema nimpe mpaka Jumatano.