Mzee wa Asmara na Kitaliano chetu pale Bergen

Jana mwanangu alikuwa na homuweki ya jiografia, ramani kaitandaza meza nzima, mara akaniuliza, "Mama, mbona Kitaliano kiko nchi nyingi na Kinorwe kiko hapa Norwe tu?" Nikamtajia Italia yenyewe, San Marino, Vatikani, kusini ya Uswisi kule Ticino, na ile pwani ya Istria iliyogawanywa Slovenia na Kroatia. Akaandika akafunga daftari. Lakini mimi usiku kucha nilikuwa na yule mzee wa Asmara, mji mkuu wa Eritrea, kichwani.

Ni mwaka ule wa kwanza, darasa la Kinorwe la wageni, na nje mvua ya Bergen ambayo ukiisubiri ikatike hutoki nyumbani. Mwalimu akataka kila mtu aseme lugha anazozijua, basi ikazunguka, Kiarabu, Kipolandi, Kisomali, kufika kwangu nikasema "jeg snakker swahili, engelsk og italiensk", yaani naongea Kiswahili, Kiingereza na Kitaliano. Kule nyuma kulikuwa na mzee mmoja, koti kalifunga mpaka kidevuni, tangu kozi ianze hajazungumza na mtu. Akainua kichwa akaniangalia.

Mapumziko tukatoka kwenye mashine ya kahawa, nikamuona anakuja. Pole pole. Akavua kofia kwanza, akaishika kwa mikono miwili, akasema "Signora, mi permette una domanda?", yaani bibi, unaniruhusu nikuulize swali? Nilibaki nimeshika kikombe. Kitaliano nimekisikia tangu naanza kutembea, mamangu alikuwa mfanyakazi kwenye nyumba ya Mtaliano pale Casuarina, Malindi, nikitoka shule naenda kumsaidia, kwa hiyo changu ni cha jikoni: weka hapa, osha vizuri, haraka, basta. Ni lugha ya kuagizwa. Wenye nyumba hawakuwa watu wabaya, nasema ukweli, walitulipia hata ada, lakini kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuomba mamangu ruhusa ya kumuuliza swali. Sasa huyu, Mwafrika mwenzangu, Norwe, ananiomba ruhusa kwa Kitaliano cha heshima kama anaongea na mke wa balozi. Machozi yalinilenga na sikujua nimweleze nini, nikamwambia tu karibu baba, kaa hapa.

Alitaka kujua nilikipata wapi. Nikamwambia habari za Malindi, Wataliano walivyokuja na mradi wa maroketi kule Ngomeni, mwaka 1967 wakarusha setilaiti toka kwenye jukwaa la baharini, halafu baada ya hapo wakaanza kuja wa likizo, hoteli, majumba, mpaka muuza vinyago wa ufuoni anabishana bei kwa Kitaliano. Akacheka kwa furaha. Yeye kwao Mtaliano alikuja kutawala, tangu 1890 mpaka Muingereza alipomtoa 1941. Babake alikuwa askari wa jeshi lao, na watoto wa Kieritrea wakati ule walisomeshwa mpaka darasa la nne basi, zaidi ya hapo hapana. Halafu utawala ukaondoka, shule ya Kitaliano ikabaki Asmara, mzee akaingia yeye akasoma mpaka mwisho, akapata kazi gereji ambako kila spea ilikuwa na jina la Kitaliano. Aliyasema bila hasira. Alivyokuwa anamtaja babake nilimuona anaigeuza geuza ile kofia.

Mwalimu akapita na kahawa yake akasimama, hizo sauti zilimshangaza, akauliza mnaongea nini nyinyi? Mzee akamjibu kwa Kinorwe chake cha kuokoteza, akanyoosha kidole kwenye ramani ya ukutani, Asmara, Mogadishu, Malindi, Lugano kule Uswisi. Mwalimu akaiangalia ile ramani kwa muda, kisha akatuambia ndugu wa babu yake alihamia Minnesota. Watu kama laki nane waliondoka Norwe kwenda Marekani katika miaka mia moja hivi, tangu ile meli ya kwanza ya Stavanger mwaka 1825, na nchi yenyewe ilikuwa ndogo. Barua zikawa zinakuja kwa Kinorwe, baadaye kwa Kiingereza, sasa wajukuu wa kule hawakijui tena. Na hapa nyumbani kwao Denmark iliwatawala mpaka 1814, maandishi yakawa ya Kideni, ndo maana hadi leo wana namna mbili za kuandika, bokmål na nynorsk, na tulikuwa tunalalamikia kuzisoma zote. Siku ile sikulalamika.

Nimefikiria sana hili jambo. Kinorwe ni cha watu milioni tano na kitu na karibu wote wako nchi moja, lakini kila bonde linaongea lafudhi yake hadi kwenye televisheni na hakuna anayeinamisha kichwa. Kitaliano kimetuzunguka sisi wa kando ya Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, kwingine kwa bunduki, kwingine kwa mshahara wa mfanyakazi wa ndani, na bado ndicho kilichonipa mzazi mwaka ambao sikuwa na mtu. Nimshukuru nani? Mwanangu akitaka nimfundishe nitamfundisha, ila sijajua nianze na kile cha jikoni au kile cha mzee.

Baada ya kozi alihamia Tromsø kwa bintiye, Kinorwe kikamkaa vizuri kabisa, cha kaskazini, kinaenda mbio. Nikimpigia anaanza nacho kwa majivuno, namuacha aongee mpaka achoke, kisha tunaingia Kitaliano tunaulizana habari za afya.