Mshale wa joto usiopanda

Kila niliyemlalamikia kwamba gari langu la mtumba linabugia mafuta alinijibu: badilisha plagi. Nilizifungua. Zilijaa masizi makavu, meusi tii, dalili kwamba petroli inazidi hewa. Hata mpya zingechafuka vilevile. Upepo wa matairi ulikuwa sawa, breki hazikuwa zikibana magurudumu mwendoni.

Kilichonitia shaka ni mshale wa joto. Mwendo mrefu, kasi nzuri, nao umelala chini kabisa ya nusu. Nikawasha injini ikiwa baridi, nikashika mpira wa juu wa rejeta. Ulitakiwa ubaki baridi mpaka injini ipate moto, kisha ushike joto ghafla. Wangu ulianza kuwa vuguvugu palepale, polepole. Themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ilikuwa imekwama wazi; injini haipati moto sawasawa, na kompyuta yake, ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inazidi kumwaga petroli. (Wapo mafundi wanaoing'oa themostati makusudi eti gari lisichemshe. Sijui wanalalaje usiku.)

Nimefunga mpya. Mshale unasimama katikati, na nikijaza tenki mpaka juu, lita zinazoingia ni chache kwa kilomita zilezile. Plagi nimezisugua tu, nikazirudisha.