Erosoli zilizozidi nje ya Mombasa: jinsi nilivyotatua

Kila msimu wa kusi, hesabu zangu za erosoli (chembechembe ndogo zinazoelea hewani) kwa data za MODIS, kifaa cha kupiga picha kwenye setilaiti, zilionyesha hewa ya bahari nje ya Mombasa imejaa chembechembe, ilhali kipimajua cha mkononi, kinachopima mwanga wa jua unaopita hewani, kilisoma anga safi. Kaskazi ikivuma polepole, tofauti ilipungua sana.

Nilipanua eneo la kuondoa mng'ao wa jua (mwanga unaoakisiwa na bahari kama kioo) kupita nyuzi 40: data zikapungua, tofauti ikabaki. Kuchuja mawingu upya nako hakukufaa.

Dawa ilikuwa upepo. Jedwali nililopewa, la kukadiria mwanga unaotoka baharini, lilichukulia kasi moja tu ya upepo siku zote, mita 6 kwa sekunde. Kusi ukikaza, bahari hujaa mapovu meupe yanayoakisi mwanga hata mbali na mng'ao, na programu huuhesabu kuwa erosoli. Nikaunda majedwali ya kasi mbalimbali kwa fomula ya Cox na Munk ya 1954 (kipimo cha mtawanyo wa miinamo ya mawimbi, yaani variansi = 0.003 + 0.00512 × kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde), nikaongeza mapovu.

Hata hivyo, siri ni saa. Tumia upepo wa wakati setilaiti inapita, si wastani wa siku; Terra, mojawapo ya setilaiti zenye MODIS, kwa miaka mingi ilipita karibu saa nne na nusu asubuhi, ila sasa hupita mapema zaidi. Wastani huchanganya asubuhi na upepo wa alasiri. Hapo ndipo vipimo viwili vilipokaribiana. Karibu na miamba, penye kina kifupi, pikseli (nukta za picha) bado nazitupa.