Jakuzi Bila Utelezi: Ninavyosafisha Mabomba, Chujio na Maji

Ukipitisha kidole kwenye ukingo wa jakuzi (beseni kubwa la maji moto yenye mapovu), pale maji yanapoishia, kikateleza, basi utelezi mwingi zaidi umo ndani ya mabomba ambako kitambaa hakifiki. Ukisugua ukingo peke yake, siku chache baadaye umerudi. Ndiyo maana mimi huanzia kwenye mabomba, nikaja kwenye chujio na kifuniko, na maji mapya yakawa ya mwisho.

Utelezi huo ni utando wa bakteria. Hung'ang'ania plastiki na kutoa ute, na ute huo huwakinga dhidi ya klorini iliyomo majini. Joto la nyuzi 37 hadi 40 za Selsiasi linawafaa sana, na chakula chao ni jasho, mafuta ya ngozi na losheni. Kati yao wamo Pseudomonas, wanaoleta vipele vinavyowasha, na Legionella, wanaoingia mapafuni pamoja na matone madogo yanayorushwa na mapovu na kusababisha nimonia kali. Jambo hili ni la afya, si la urembo.

Mabomba nayasafisha kabla ya kumwaga maji ya zamani. Naweka chujio kuukuu ambalo nitalitupa, nafungua vali zote, za hewa, za maporomoko na zile za kugawa maji kati ya viti, kwa sababu bomba lililofungwa hubaki na uchafu wake wote. Naweka dawa ya kusafishia mabomba kwa kipimo cha kwenye chupa, kisha nawasha pampu zote kwa nusu saa. Povu zito hupanda likiwa na ukoko wa kahawia au kijani, na pengine vipande laini kama ngozi iliyobambuka. Naufuta usikauke kwenye ukingo, naacha maji yatulie, nawasha tena. Uchafu ukiendelea kutoka, narudia na dawa mpya. Baada ya hapo napandisha klorini hadi mg 20 kwa lita na kuiacha kwa saa kadhaa, kifuniko kikiwa wazi, maana hewa yenye klorini kali huharibu kifuniko na mito ya kuegemeza kichwa. Hakuna anayeingia majini wakati huo.

Kabla ya kumwaga maji nazima umeme kwenye swichi kuu. Hita ikiwaka bila maji huungua. Maji yakiisha, bado lita kadhaa zimelala mabombani na kwenye sehemu ya miguu. Hayo nayavuta kwa mashine ya kufyonza inayoweza kunyonya maji, nikiuweka mdomo wake kwenye kila jeti, yaani tundu linalorusha maji. Ukiyaacha, umepanda mbegu ya utelezi kwenye maji mapya.

Tangi likiwa tupu ndiyo nafasi ya kufikia pembe zilizojificha. Jeti nyingi huchomoka kwa kuzungushwa. Ndani yake utakuta ute mweusi. Angalia pia nyuma ya mito, kikapu cha takataka na mlango wake mdogo. Upande wa chini wa kifuniko husahaulika kuliko vyote: mvuke unaoganda pale hauna klorini ya kutosha, kwa hiyo ukungu hukaa raha mustarehe. Naufuta kwa klorini ya kufulia sehemu 1 kwa maji sehemu 9, nasuuza, naukausha. Tangi lenyewe nalisugua kwa sponji laini na bikaboneti ya soda. Sabuni ya vyombo siigusi kabisa. Mabaki yake hutoa povu pampu zikiwashwa.

Chujio nalisuuza kwa mpira wa maji kila wiki, nikifungua mikunjo mmoja mmoja. Kila mwezi nalilowesha usiku kucha kwenye dawa ya kuondoa mafuta. Asidi huja baadaye, na kwa ajili ya chokaa nyeupe tu: ukitanguliza asidi, mafuta hugandia kwenye kitambaa na hayatoki tena. Ni vizuri kuwa na machujio mawili ya kupokezana, kila moja likauke kabisa kabla ya kurudishwa.

Wakati wa kujaza naingiza mpira kwenye tundu la chujio ili maji yasukume hewa nje ya mabomba. Hewa ikibaki, pampu hunguruma bila kusukuma kitu. Kisha naweka alkali (madini yanayozuia maji kuwa na asidi) kati ya mg 50 na 80 kwa lita, maana mapovu hufukuza kaboni dioksidi na kupandisha pH (kipimo cha asidi majini; ikipanda, asidi imepungua), na alkali nyingi huzidisha hali hiyo. pH nabaki nayo kati ya 7.2 na 7.8, klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, mg 3 hadi 5 kwa lita.

Hesabu ya klorini ni rahisi. Kwa tangi la lita 1,500, kupandisha mg 1 kwa lita kunahitaji takriban ml 30 za klorini ya maji (ile ya kufulia) ya asilimia 5, isiyo na manukato wala kiongeza povu, au gramu 2.7 hivi za dikloro, klorini ya chembechembe. Naanza na dikloro, lakini kila mg 10 za klorini yake huacha karibu mg 9 za asidi ya sayanuriki, ambayo ikizidi huidhoofisha klorini. Asidi hiyo ikifika kama mg 30 kwa lita, nahamia klorini ya maji. Vidonge vya trikloro havifai hapa: vina asidi kali inayokula hita. Na kamwe usichanganye aina mbili za klorini, wala klorini na asidi, kwenye chombo kimoja.

Watu wakishatoka naweka klorini papo hapo, takriban ml 175 za ile ya asilimia 5 kwa kila mtu aliyekaa saa moja. Kesho yake napima. Klorini ikiwa chini ya mg 3 kwa lita, kipimo kilikuwa kidogo.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni hiki: nafikisha klorini mg 5 kwa lita, nazima kifaa cha ozoni (gesi ya kusafisha maji), nafunika, hakuna anayeingia kwa saa 24. Ikipungua robo au chini yake, mabomba ni safi. Ikipotea nusu kwenye maji mapya, kuna kinachoila, na mara nyingi ni utando. Narudi kwenye dawa ya mabomba. Jihadhari tu na matone ya kupimia yanayogeuka waridi: klorini ikiwa juu mno, rangi hupauka na kuonekana kama hakuna klorini kabisa. Punguza sampuli kwa maji safi, upime tena.

Maji nayabadilisha kwa kugawa lita za tangi kwa 12, kisha kwa idadi ya watu wanaoingia kwa siku. Lita 1,500 na watu wawili ni kama siku 62. Wanaooga kwanza bila kupaka losheni, na kusuuza nguo za kuogelea kwa maji matupu, hupunguza sana kazi ya klorini.