Uwanja mmoja, wazee watatu, watoto tisa

Tunaishi kaya nne ndani ya uzio mmoja hapa Uyole, Mbeya. Mimi, dada zangu wawili na jirani mmoja tulichangishana tukanunua kiwanja, kila mtu akajenga kwake. Uwanja, bomba na jiko la kuni ni vya wote.

Kilichonishinda ni Juni, shule zilipofungwa. Baridi ya kwetu mnaijua. Saa tatu asubuhi wazee wanatoka kuota jua ukutani kwa dada, na ukuta huohuo ndio goli la watoto. Siku moja mpira ukampiga mama begani, uji wote ukamwagika. Kwa hasira nikapiga marufuku mpira, rede, kombolela, kila kitu. Watoto wakahamia kando ya barabara kuu, kwenye malori ya Tunduma na bodaboda. Siku ya nne mama akaniita: "Mwanangu, wajukuu umewapeleka wapi? Hapa pamekuwa kama msibani."

Nilikuwa nimemwamulia bila kumuuliza, na hilo liliniuma. Jioni nikakaa na wazee, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyelalamikia kelele! Babu anaogopa kuanguka: ndoo, ndala na kamba za kurukia zinaachwa kwenye njia ya chooni, na yeye usiku huamka mara mbili au tatu. Mama alitaka jua lake tu. Bibi wa kwa jirani aliomba kimya kidogo baada ya chakula cha mchana, apate kusinzia.

Basi ukuta ukawa wa wazee mpaka saa tano. Goli nililihamishia nyuma, nikang'oa matuta yangu ya mchicha (dada alinicheka, lakini mchicha sokoni upo). Njia ya chooni tukaiwekea taa na mawe yaliyopakwa chokaa, na watoto wanapeana zamu ya kuisafisha kabla ya chakula cha usiku.

Nimesoma kwamba huko Denmark, Sættedammen, kaya 27 zilianza kuishi namna hii mwaka 1972, kila moja na nyumba yake, pamoja na jengo moja la kupikia na kula kwa pamoja. Kwetu jengo hilo ni jiko la kuni. Giza likiingia watoto wanachoma mahindi, wazee wanaota moto, na hapo hakuna anayehitaji ratiba.

Babu amejipa ukaguzi wa njia. Jana alikuta ndala moja, akaitundika juu ya mparachichi. Mwenyewe alikuja kuiomba asubuhi, mguu mmoja peku.