Nauli ya kwenda 2061 ni sentensi moja

Jumanne iliyopita, kipindi cha tatu, nililigeuza Darasa la Tano kuwa daladala. Somo Kiswahili, mada wakati ujao, na mimi nilishachoka kusikia "kesho nitaenda shambani" kutoka vinywa 94.

Nianze na nilipoharibu. Mwaka juzi niliwaambia wafumbe macho wasafiri mpaka miaka ya mbele, kisha kwa kiherehere changu nikachora ubaoni roketi na gari lenye mabawa, eti niwape mwanga. Nilipokusanya madaftari nikakuta roketi na magari yenye mabawa tupu. Hata tairi nililolichora upogo, nao walilichora upogo. Barua walizoandika za safari hiyo nikazifukia ndani ya boksi chini ya mwembe, zifukuliwe wakifika Darasa la Saba. Mchwa hawakungoja hata mitihani ya muhula.

Safari hii sikuchora kitu. Niliandika namba moja: 2061. Nikawapa mambo mawili ya mwaka huo yanayojulikana kwa hesabu. Julai, nyotamkia ya Halley itapita tena karibu na jua. Huzunguka kwa miaka 76 hivi, na mara ya mwisho ilikuja 1986, mwaka niliozaliwa mimi. Na tarehe 9 Desemba, Tanganyika itatimiza miaka 100 ya uhuru. Halafu nikasema: kila mtu achukue 2061, atoe mwaka wake wa kuzaliwa, tuone.

Wengi wakapata 47. Darasa likanyamaza. Kwao 47 ni mwenyekiti wa kitongoji, mtu mwenye kitambi na madeni.

"Na wewe mwalimu?"

Nikatoa: 75. Sauti ikatoka nyuma, yenye huruma kabisa: "Utakuwepo, ila utakuwa unatandikiwa mkeka."

Tukasogeza madawati tukaacha ujia katikati. Konda nikamchagua yule asiyeweza kukaa dakika tano, nikampa chaki ashike kama noti. Mlangoni akawa anaita, "Sitini na moja moja kwa moja! Siti zipo!" Nauli ni sentensi moja yenye -ta-, na iwe ya mahali unapopajua: nyumbani kwenu, kisimani, hapa shuleni. Marufuku roketi.

Binti mmoja akalipa: "Hatutafagia uwanja, upepo utafagia." Mwingine: "Bibi hatakuwepo, lakini jiko lake litakuwepo." Mvulana mmoja akapanda akisema, "Mimi ni rubani." Konda akamkazia macho: hiyo haina -ta-, shuka! Akajibu, "Nitashuka kituo cha mbele." Darasa zima likapiga makofi, maana alikuwa ameshalipa. Mwalimu wa darasa la jirani akachungulia dirishani kuuliza kama kuna nyoka.

Kurudi nako kuna nauli. Abiria anajifanya ana miaka 47, anawasimulia watoto wake alivyosoma, kwa hiyo lazima atumie -li-. Hapa ndipo sikujiandaa. Nilidhani ni zoezi la sarufi. "Tulikuwa tunabeba dumu la maji kuja shule, likimwagika njiani unarudi kisimani." "Tulikaa wanne dawati moja, wa pembeni aliandika akiwa nusu amesimama." Waliongea kama wazee kweli, bila woga, mpaka mmoja aliyekaa mbele kabisa akasema, "Mwalimu wetu alikuwa mzuri, ila tukichelewa alitupiga." Fimbo ilikuwa mezani, hatua mbili kutoka kwake. Konda akanigeukia, kama nami natakiwa kusema nauli imepokelewa. Nikasema imepokelewa. Sauti haikutoka vizuri.

Dakika 40 zikaisha tukiwa bado hatujarudi wote. Kama wewe ni mwalimu na unataka kujaribu, gawa abiria kwa zamu mbili, ukiwa na wengi kama wangu. Na barua wekeni kwenye dumu la plastiki lenye kifuniko, juu ya kabati. Achaneni na mwembe.

Jioni nikiwa nasahihisha nikagundua konda hakulipa. Kesho yake nikamuuliza. "Konda halipi, mwalimu." Ni kweli, halipi. Lakini nikamwambia alete hata kwa maandishi.

Mjue kwamba shule yetu iko kandokando ya reli, si mbali sana na Kilosa. Tangu 2024 treni ya umeme ya Dar kwenda Dodoma inapita ng'ambo ya uwanja wetu. Watoto hukimbia kuipungia mkono, lakini kituo hapa hatuna, unageuka, imeshapita.

Alileta kipande cha karatasi kimekunjwa mara nne. Kimeandikwa: "Mwaka 2061 nitakuwa dereva wa treni. Nitasimama hapa hata kama hakuna kituo, nitasema imeharibika."